Sauti inaachwa nyuma na midomo kila ikifika dakika ya sita: kosa la simu, la kompyuta au la watoto?

#1 MlinziWaKlabu
Salaam aleikum wanauzi. Mimi ni mwalimu wa klabu ya filamu ya shule, hapa Amu (Lamu, Kenya). Wanafunzi 22, Gredi 7 hadi 9, umri 13 mpaka 15. Vifaa: simu 4 za Android, kinasa sauti kidogo cha mkononi, maiki moja ya kubana shatini, tripodi 2, na kompyuta pakato ya RAM GB 8 tunayohariria kwa programu ya Shotcut.

Shida iko kwenye mahojiano ya dakika sita na fundi wa majahazi, Matondoni. Picha ni ya simu, sauti ni ya kinasa kilichowekwa karibu naye. Ukivipanga mwanzoni vinashikana sawasawa. Dakika ya tatu unaanza kuona kitu hakiko sawa. Dakika ya sita mdomo umeshafunga na neno bado linatoka. Nimehesabu: fremu (picha moja moja za video) 9 au 10, mradi ukiwa wa fremu 30 kwa sekunde. Makofi ya kulinganisha picha na sauti yalipigwa mwanzoni tu, hatuna kibao cha filamu. Kosa liko wapi?

#2 Punda_Hana_Honi
Kwani huyo fundi anasema Kiamu? Basi sauti lazima ichelewe, inapitia Pate kwanza.

#3 ShotiYaPili
Mwalimu, hiyo ni kasi ya fremu inayobadilika. Ukiiambia simu irekodi fremu 30 haikupi 30 kamili. Mwanga ukipungua inashuka 27, 24, hata chini, ili kila fremu ipate muda zaidi wa kunywa mwanga. Mwanga ukirudi nayo inapanda. Sauti haishuki nayo. Programu ya kuhariri ikilichukulia faili kama lenye fremu 30 zisizobadilika, picha inakuwa fupi kuliko ilivyokuwa, inakimbia mbele, na sauti inabaki nyuma. Ndiyo dalili yako hiyo.

Fungua faili kwa programu ya MediaInfo usome sehemu ya kasi ya fremu. Ukikuta kiwango cha chini na cha juu vimeandikwa mbalimbali, umempata mwizi. Dawa: pitisha kila faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, kabla ya kuhariri, chagua kasi isiyobadilika, 30, ubora RF 18 hadi 20. Faili linaweza kuongezeka ukubwa kidogo. Usihariri kwanza ndipo ubadilishe, kila ulichokata kitahama.

#4 FundiMawimbi
Sikatai ya ShotiYaPili, lakini umeruka jambo la msingi: hivyo ni vyombo viwili. Kila kimoja kina saa yake ndani, kipande cha kwazi kinachotetema, na hakuna viwili vinavyokwenda sawa kabisa. Simu inahesabu sekunde zake na kinasa zake. Mkiachana mapema mtafika mbali mbali. Ndiyo sababu wenye studio hutumia saa moja kuongoza vyombo vyote.

Kuhusu makofi, mna alama nzuri kuliko makofi na hamkuiona. Fundi wa jahazi ana nyundo! Tafuta pigo la nyundo linaloonekana kwenye picha mwanzoni, na lingine mwishoni. Pima umbali wa mapigo hayo mawili kwenye picha, kisha kwenye sauti. Tofauti ndiyo mwachano wako, bila kubahatisha midomo.

#5 NuktaMbili
FundiMawimbi, nadharia ni sahihi ila hesabu inakukataa. Kwazi ya bei rahisi hukosea sehemu 20 hadi 50 katika milioni. Tuseme simu inakimbia na kinasa kinachelewa, jumla 100 katika milioni. Dakika sita ni sekunde 360. Zidisha: sekunde 0.036. Hiyo ni fremu moja na chembe. Mwalimu ana kumi. Kwazi inashtakiwa kwenye hotuba ya saa nzima, si hapa.

#6 Mmalindi_Asili
Na sampuli je, yaani vipimo vya sauti kwa sekunde? Kinasa kikiwa kimewekwa 44100 na mradi wa video ni 48000? Huku Malindi hilo ndilo la kwanza tunalokagua.

#7 NuktaMbili
Kagua, ni vizuri, lakini halizai dalili hii. Programu ikisoma vibaya faili la 48000 kama 44100, dakika sita zinakuwa sita na sekunde 32, na fundi wa watu anaongea kwa sauti nzito kama amelala. Usingehesabu fremu, ungekimbia. Programu nyingi husoma kichwa cha faili na kubadilisha zenyewe.

Ninayemshuku mimi ni mwingine: fremu 29.97 kwa sekunde dhidi ya 30. Tofauti yake ni moja katika elfu. Sekunde 360 zinazaa 0.36, karibu fremu 11. Mwalimu amesema 9 au 10. Ndiyo hesabu iliyo karibu kuliko zote humu.

#8 ShotiYaPili
Nukta, hesabu yako tamu lakini Shotcut haifanyi kazi hivyo. Ukiiwekea faili la 29.97 kwenye mradi wa 30 inarudia fremu moja pale inapopungua, haiikazi picha nzima. Muda unabaki uleule. Hitilafu yako inatokea mtu akiilazimisha programu ilisome faili kwa kasi nyingine, kwenye tabu ya sifa za faili. Mwalimu, kuna mtoto aliyegusa huko?

#9 MlinziWaKlabu
Watoto 22 na kompyuta moja. Hakuna ambacho hakijaguswa.

#10 Tripodi_Mzee
Mnakwenda mbali. Mnasikiliza kwa nini? Spika ya Bluetooth inachelewesha sauti kwa sehemu moja mpaka tatu za kumi za sekunde peke yake. Halafu kompyuta ya GB 8 ikizidiwa inaangusha fremu wakati wa kutazama, na faili lenyewe ni zima. Toa faili kamili, litazame kwenye simu nyingine kwa visikizi vya waya, ndipo urudi hapa.

#11 MlinziWaKlabu
Ami, nimeshafanya. Visikizi vya waya, simu nyingine, hali ni ileile. Isitoshe, kuchelewa kwa Bluetooth kungeanza sekunde ya kwanza. Hii inakua polepole.

#12 BintiMkunguni
Naomba niulize lisiloulizwa. Kwa nini mtoto wa miaka 13 anarekodi dakika sita bila kukata?

Hata mkimpata mwizi wenu, filamu ya klabu ni dakika tatu, nne ikizidi. Mahojiano yapigeni vipande vya sekunde 30 hadi 60: swali moja, jibu moja, kata. Kila kipande na makofi yake. Mwachano wa fremu 10 kwa dakika sita ni chini ya fremu 2 kwa dakika moja, na fremu 2 hakuna mzazi atakayeziona. Faida nyingine: faili la sekunde 40 mtoto analipata haraka, la dakika sita analivuta nyuma na mbele mpaka kengele inalia.

Makofi yenyewe yana adabu yake. Viganja vionekane ndani ya picha, kando ya uso wa anayehojiwa, pigo moja kavu. Kabla ya hapo mtu ataje kwa sauti: kikundi, sini (tukio), teki (mara ya ngapi kulirekodi). "Kundi la pili, sini tatu, teki mbili." Pah. Mkisahau mwanzoni, pigeni mwishoni, kamera ikiwa bado inarekodi.

#13 Punda_Hana_Honi
Hapo "pah" nimeisikia mpaka mtaa wa Langoni.

#14 FundiMawimbi
BintiMkunguni amesema kweli, ila dawa ya dalili si dawa ya ugonjwa. Siku watakayorekodi maulidi au mechi ya bao nusu saa, watakuja tena humu.

Na tukiwa kwenye sauti: kama maiki iko mbali na kinachotoa sauti, kuna jambo jingine. Sauti kwa joto la pwani inatembea mita 349 hivi kwa sekunde. Ukipiga picha ya nyundo ukiwa mita 30 na sauti ukaichukua kwa maiki ya simu palepale ulipo, pigo linafika fremu mbili na nusu baadaye. Watoto hudhani wamekosea kupanga kumbe ni umbali tu. Watu wa mashindano ya mashua wanalijua vizuri hili.

#15 Mmalindi_Asili
Hebu tuongee upepo, maana filamu za Amu zote nilizoona zinavuma kama kuna ndege inashuka Manda. Mnaenda kupigia picha ukutani pwani wakati wa kusi halafu mnalaumu maiki.

#16 FundiMawimbi
Mmalindi, hilo nakuachia, una haki. Mvumo si sauti ya upepo, ni upepo wenyewe unaosukuma kiwambo cha maiki. Uko chini kabisa, chini ya Hz 100 kwa sehemu kubwa. Sponji peke yake hautoshi nje. Inatakiwa manyoya juu ya sponji: hewa inanaswa kwenye manyoya na kupoteza nguvu kabla haijagusa kiwambo. Manyoya ya mwanasesere aliyechakaa yanafaa, yashoneni kama kisoksi, nyuma ya kitambaa pawe pepesi pa kupenya sauti. Ukiweka soksi nene ya pamba unaziba upepo na maneno pamoja.

Kwenye kinasa washa kichujio cha sauti za chini, Hz 80 au 100. Weka kiwango ili mtu akisema kawaida kilele kifike kati ya desibeli −12 na −6. Kikigonga sifuri sauti imepasuka na hakuna programu itakayoirudisha.

Na simameni upande wa pili wa ukuta jamani. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi kaskazini mashariki, na mbele ya mji kunatazama mashariki. Misimu yote miwili pwani inapigwa. Ingieni kichochoro kimoja ndani, kinyamavu kama kisima.

#17 BintiMkunguni
Kinyamavu mpaka adhana. Panga ratiba ya kupiga picha na ratiba ya sala mkononi. Misikiti mingi inaadhini karibu wakati mmoja bila kuanza sekunde moja, hivyo ukikata katikati ya sini, shoti ya kwanza ina adhana na ya pili haina, na hakuna mhariri wa kuificha. Adhana ikianza, kamera chini, watoto wakae, dakika tano zipite. Kisha kabla ya kuendelea rekodi nusu dakika ya kimya cha mahali hapo, wote wamesimama tuli. Kimya hicho ndicho mnachokitandaza chini ya maneno wakati wa kuhariri. Kimya cha kichochoro cha Mkomani si kimya cha darasani.

#18 ShotiYaPili
Na mwanga huko vichochoroni mnaufanyaje? Nauliza kwa sababu unarudi kwenye mada. Giza ndilo linaloshusha fremu.

#19 Tripodi_Mzee
Hapo niachieni mimi. Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, unakwenda kaskazini kusini, na njia zinazofanana nao vilevile. Chukua njia ya upana wa mita 2 na kuta za mita 7. Jua linagusa sakafu kuanzia saa moja hivi kabla ya kufika utosini mpaka saa moja baadaye, basi. Na utosini huku si saa sita kamili kila siku, inacheza kati ya saa sita na sita u nusu kutegemea mwezi. Nje ya hapo unapata mwanga laini unaorudi kutoka kuta za chokaa, mzuri sana kwa uso. Njia zinazoshuka baharini ni kinyume chake: asubuhi jua linakuja limenyooka kutoka Manda, na anayetembea kuelekea kamera akitokea pwani anakuwa kivuli cheusi.

Sheria kwa watoto ni moja: bonyeza na ushikilie uso kwenye kioo cha simu mpaka kufuli ionekane, ndipo urekodi. Bila kufuli, mtu akipita na kanzu nyeupe picha nzima inazama giza halafu inarudi. Uso ukiwa na kivuli kizito, karatasi ya manila nyeupe ishikwe chini ya kidevu nje ya picha. Ya kungʼaa usiitumie usoni, mhojiwa atafumba macho.

Ndani ya nyumba ya mawe, mpeleke mtu kwenye daka (ukumbi wa mlangoni) au kiwandani (ua wa ndani). Chumba cha ndani chenye zidaka (vishubaka vya ukutani) ni kizuri machoni, lakini simu haikioni.

#20 Punda_Hana_Honi
Na mzigo wa punda ukitokea kichochoro cha mita 2, mtu wa maiki apande wapi?

#21 Tripodi_Mzee
Anaingia dakani kama watu wote. Tripodi ndiyo inayovunjika. Kwa hiyo njiani tumieni tripodi yenye miguu iliyokunjwa, kama fimbo moja, na mtoto mmoja kila upande wa njia kazi yake ni kutazama tu. Si kupiga kelele "simama", punda hajui filamu.

#22 NuktaMbili
Nyongeza ya mwanga wa darasani. Umeme wetu ni Hz 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikiwa na fremu 30 na kizibo (muda wa kuingiza mwanga) cha 1/60 ya sekunde, picha itatiririka mistari. Programu ya kamera inayoruhusu mipangilio ya mkono iwekwe 1/50 au 1/100, mistari inaondoka hata ukibaki na 30. Au zimeni taa mfungue madirisha. Na mkiweza kuchagua, rekodini 25 mradi mzima tangu mwanzo.

#23 MamaKlabu
Nimesoma vizuri mpaka hapa na hakuna aliyetaja ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na uso wake ni taarifa. Fomu moja ya muhula, si ya kila filamu, lakini iseme wazi itaonyeshwa wapi: darasani, siku ya wazazi, mashindano, intaneti. Vinne tofauti, kila kimoja na kisanduku chake cha tiki. Mzazi wa tiki moja msimlazimishe ya nne. Majina kamili ya watoto yasiandikwe mwishoni mwa filamu inayokwenda intaneti.

Vichochoroni msirekodi akina mama wanaopita. Mtoto wa kutazama njia aliyetajwa na Mzee ndiye anayeinua mkono, na kamera inashuka. Mkitaka kupiga picha Ngome ya Lamu, iko chini ya Makumbusho ya Taifa, barua ipelekwe mapema.

Halafu Sura ya 222, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani. Filamu inayotengenezwa ili ionyeshwe hadharani inataka leseni.

#24 ShotiYaPili
Klabu ya shule si hadharani, MamaKlabu. Ni somo.

#25 MamaKlabu
Siku ya wazazi uwanjani, watu mia tatu na projekta, hiyo nayo utaiita somo? Na mashindano ya kitaifa ya drama na filamu je?

#26 NuktaMbili
Wote mna hoja, na jibu liko ofisini kwa anayetoa leseni, si humu. Mwalimu aandike barua aulize, awe na jibu la maandishi. Na mkitaka kutumia droni, hilo halina mjadala: kanuni za 2020 zinataka isajiliwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Ya kuazima isiguswe.

#27 Mmalindi_Asili
Turudi kwa watoto. Mwalimu ana 22. Makundi manne ya watano, wawili wanabaki. Hao wawili wape ufunguo wa vifaa: betri, kadi, orodha ya kutoka na kurudi. Ndani ya kundi: mwongozaji, mpiga picha, wa sauti, wa daftari, mwigizaji. Kila zoezi wanazunguka, ukiwaacha wachague wenyewe yule mmoja atakuwa mwigizaji mpaka Gredi 9.

Kipindi cha dakika 80: kumi maelezo, kumi na tano kupanga kwa kuchora, thelathini kupiga picha, ishirini kutazama pamoja, tano kupanga vifaa. Usile dakika za kutazama. Kosa analoliona mwenyewe ukutani mbele ya wenzake halirudii.

Zoezi la kwanza ni shoti tano za kazi moja, mfano kusuka ukili: mikono karibu, uso, mtu na mahali kwa mbali, begani kwa nyuma, na moja ya ajabu wanayobuni. Kila shoti sekunde kumi, hakuna kutembeza kamera, hakuna kuvuta.

#28 Tripodi_Mzee
Mimi naanza na shoti moja, si tano. Tripodi imefungwa, dakika moja, hakuna anayegusa kitu. Filamu za ndugu Lumière za 1895 zilikuwa sekunde hamsini hivi, shoti moja, na watu walilipa kuzitazama. Mtoto akishinda jaribu la kusimama dakika moja akichagua pa kusimama, tano zinakuja zenyewe. Wekeni kamera kwenye gati mashua ikishusha abiria. Kitu kiingie, kitu kitoke.

#29 Mmalindi_Asili
Dakika moja ya gati, vikundi vinne, watatazama gati mara nne. Watalala, Mzee.

#30 BintiMkunguni
Fanyeni zote, wiki mbili. Kinacholeta ugomvi kwenye klabu si zoezi, ni mstari wa nyuzi 180. Watu wawili wanaongea, chora mstari kutoka pua hadi pua, kamera ibaki upande mmoja. Kwenye kichochoro cha mita 2 mtoto akibanwa anaruka upande wa pili bila kujua, na kwenye uhariri wote wawili wanatazama upande mmoja kama wanasubiri boti. Chora mstari chini kwa chaki. Kweli kwa chaki, si kwa maneno.

#31 MlinziWaKlabu
Shukran wote, nimeandika mengi. Hifadhi je? Simu zinajaa kabla ya nusu ya kipindi.

#32 ShotiYaPili
1080 kwa fremu 30 ni kama MB 130 kwa dakika, kwa mfumo wa H.264. Dakika 40 za vikundi vyote ni GB 5 na zaidi kidogo. Kabla ya kutoka darasani: hali ya ndegeni, kwa sababu simu ikipigwa rekodi inakatika, na nafasi wazi GB 4 kila simu. Jioni nakili mahali pawili ndipo ufute. Jina la faili lianze na kikundi, sini, teki, K2_S03_T02, kama mlivyotamka kwenye makofi. Wa daftari anaandika teki ipi ni nzuri na kwa nini mbaya ni mbaya. Kompyuta yako ikikwama washa faili nyepesi za kuhariria ndani ya Shotcut, inazibadilisha yenyewe na kurudi kwenye nzito wakati wa kutoa.

#33 Punda_Hana_Honi
Na simu ikianguka majini pale gati, mchele kilo ngapi?

#34 FundiMawimbi
Sifuri. Mchele upikwe. Hauvuti maji ya ndani ya simu na unaacha vumbi kwenye tundu la chaji. Zima mara moja, usiichaji, toa laini na kadi. Maji ya bahari ni mabaya kuliko ya mvua kwa sababu chumvi inabaki ikila shaba, kwa hiyo ifikishwe kwa fundi siku ileile aisafishe ndani. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kusanyeni, vikae ndani ya sanduku la vifaa muhula mzima. Kwenye matuta ya Shela usifungue kitu chochote chenye kifuniko. Ukirudi, futa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kioo cha lenzi kwanza kipulizwe mchanga utoke. Ukifuta na mchanga wake umekwaruza.

#35 MlinziWaKlabu
Nimerudi na majibu ya nyundo. Tumefuata #4. Tulikwenda tena na simu mbili, A na B, kinasa kilekile, dakika sita sita.

Ndani ya banda, giza kiasi: A imeachana fremu 9, B fremu 14.
Nje chini ya mti: A fremu 8, B fremu 3.
MediaInfo inasema zote mbili kasi inabadilika.

#36 ShotiYaPili
B imeshuka kutoka 14 hadi 3 kwa sababu ya mwanga tu! Kesi imekwisha.

#37 NuktaMbili
Ya B labda. A je? 9 gizani na 8 nuruni, mwanga haujaigusa. A iko karibu na ya moja katika elfu yangu kila mahali. Huenda mna wezi wawili.

#38 FundiMawimbi
Au kinasa chenyewe kinakimbia kuliko tunavyodhani, na B ya nje imejirekebisha kwa bahati. Mwalimu, fanya moja zaidi: rekodi sauti ya simu yenyewe pamoja na picha yake, ulinganishe na kinasa. Sauti ya simu dhidi ya sauti ya kinasa, picha ikae pembeni. Zikiachana hizo, kwazi haijatoka mahakamani, hesabu za Nukta zitake zisitake.

#39 NuktaMbili
Nakubali jaribio. Na simu A iwekwe 25 tuone kama zile 8 zinabaki.

#40 Tripodi_Mzee
Na B ile ya nje, ilikuwa juani kabla ya kuanza au mfukoni? Simu ikipata moto nayo huangusha fremu.

#41 MlinziWaKlabu
B ilikuwa mfukoni. A ilikuwa juani, juu ya ubao wa jahazi, kama robo saa. Na sasa nakumbuka A ndiyo iliyokuwa ikichajiwa na powabenki wakati wa kurekodi, ndani na nje. Hilo linaingia kwenye hesabu ya nani?